Sura ya Tisa: Nani Alikoroga Uji

"Nakoroga polepole," Ian Ochoki alisema, huku akivuta na kurudisha kioevu ndani ya kibomba chembamba cha plastiki. "Ukikoroga kwa pupa, viputo vinaingia. Na kiputo kimoja kinatosha kutuharibia siku."

Inspekta Orpah Nyamongo, aliyesimama nyuma yake na daftari mkononi, aliinua kichwa. Lilikuwa neno dogo tu, neno la jikoni, lakini lilimshtua na hakujua kwa nini. Aliangalia saa ya ukutani. Saa nane na dakika kumi mchana.

Saa tatu ya kesho asubuhi ndiyo iliyokuwa imembana. Leo saa tatu, polisi walikuwa wamemtoa bibi kizee mmoja, Kemuma, nyumbani kwake Nyacheki na kumleta kituoni mjini Kisii. Sheria inawapa saa ishirini na nne. Zikiisha, ama mshukiwa afikishwe mbele ya hakimu kwa mashtaka yanayosimama, ama afunguliwe mlango aende zake nyumbani. Na nyumbani kwa Kemuma, kwa maelezo ya mkuu wa kituo, Bwana Omosa, watu walikuwa wamekusanya majani makavu ya migomba. Walikuwa wameyafunga mafungu mafungu na kuyaegemeza kwenye kila ukuta wa nyumba, kwa unadhifu, kama watu wanaoandaa karamu. Hakuna aliyewasha kitu. Walikuwa wakimngoja mwenyewe.

Mjukuu wake Ishmael, wa miaka mitano, alikuwa amefariki Jumapili. Leo ni Jumatano. Dada yake Ishmael, Ruth, wa miaka minane, alikuwa amelazwa katika jengo la pili kutoka maabara hii, macho yamegeuka manjano. Baba yao, Gibson, na mama yao, Roselyne, walikuwa wametapika kuanzia Jumamosi mchana hadi usiku, kisha wakapata nafuu. Katika boma lote ni mtu mmoja tu ambaye hakutapika hata mara moja, naye ni Kemuma.

Watu wa Nyacheki walikuwa wameshapata jibu lao hapo. Orpah alikuwa na vichupa vinne.

"Namba moja, uji wa wimbi kutoka sufuria ya mshukiwa," alisoma daftarini. "Namba mbili, unga mweusi uliokutwa kwenye mkebe chini ya kitanda chake. Namba tatu, wali kutoka hotipoti ya Roselyne. Namba nne, matapishi ya Ruth ya Jumamosi jioni."

"Na sifuri," Ian alisema.

"Sifuri ni nini?"

"Spiriti tupu. Lazima nijue mashine inaona nini pasipo na kitu. Bila hivyo, madam, kila kitu kinafanana na sumu."

Ian alikuwa mtu mwembamba wa miaka thelathini na kidogo. Baba yake alitoka Nyamarambe, lakini yeye alizaliwa na kukulia Mombasa, na Kikisii chake kilikuwa cha kusalimia tu, tena kwa kubahatisha. Kwa hiyo walizungumza Kiswahili. Alidondosha tone la kwanza juu ya sahani ndogo ya chuma iliyochorwa viduara. Tone lenyewe lilikuwa dogo kuliko punje ya wimbi. Kisha akachukua chupa nyingine na kuongeza tone juu ya tone.

"Hiyo ya pili ni ya nini?" Orpah aliuliza. "Nieleze kama utakavyomweleza hakimu. Hakimu atataka kujua unajuaje."

"Molekuli kubwa ya sumu ni kama yai. Ukiipiga leza moja kwa moja itapasuka, nawe utabaki na maganda usiyojua ni ya ndege gani. Kwa hiyo naichanganya na asidi hii. Ikikauka inaota fuwele, kama chumvi, na sumu inabaki imefungwa ndani yake."

"Halafu?"

"Fuwele zinapenda ule mwanga wa leza. Zinaumeza, zinapata joto kufumba na kufumbua, zinageuka mvuke. Na zikiruka, zinaruka na sumu. Nzima nzima, haijavunjika. Katika hiyo purukushani sumu inaondoka na chaji ya umeme."

"Bila chaji?"

"Bila chaji haisukumiki. Mashine inasukuma kwa umeme. Inazisukuma zote kwa nguvu ile ile, ndani ya bomba lisilo na hewa. Nyepesi inafika kwanza, nzito inachelewa. Mimi napima muda tu. Muda unanipa uzito, na uzito unanipa jina."

"Kama kupepeta wimbi."

"Karibu," Ian alisema. "Ila sisi tumeuondoa upepo."

Aliisubiri sahani ikauke, akaitazama kwa kioo cha kukuzia, akaisukuma ndani ya mashine na kufunga kidirisha. Pampu ikaanza kulia kwa sauti nyembamba ya mbu. "Nusu saa ya kuvuta hewa," alisema. "Hapo hatuna la kufanya."

Simu ya Orpah ililia kabla hajaketi. Namba hakuijua.

"Inspekta, habari ya mchana."

"Nzuri. Naongea na nani?"

"Nyangate hapa, wa Nyacheki. Mimi na Gibson, baba zetu ni ndugu." Mtu huyo alizungumza Kiswahili, lugha ya mambo ya serikali, taratibu na kwa adabu nyingi. "Sisi hatuna ubaya na polisi. Nataka tu kuuliza, mama yetu atarudi saa ngapi kesho?"

"Kwa nini unauliza?"

"Tujipange. Ni mtu mzee, hawezi kutembea peke yake kutoka barabarani. Tutakuja kumpokea."

"Nyangate, hayo majani ya migomba ni ya nini?"

Nyuma ya sauti yake Orpah alisikia watu wengi wakinong'ona, na mtu mmoja akicheka.

"Hiyo ni majani tu, Inspekta. Majani si hatia. Wahenga walisema lisemwalo lipo. Na hii si sisi tumesema. Mtoto mwenyewe ndiye amesema." Akakohoa. "Mungu akubariki. Tutaonana kesho."

Orpah aliiweka simu mezani kwa uangalifu. Miaka kumi na miwili iliyopita, akiwa konstebo, aliwahi kutumwa kwenye mlima mmoja kuandika orodha ya vitu vilivyobaki katika nyumba ya mama mzee. Orodha ilikuwa na vitu vitatu: sufuria, bawaba mbili za mlango, na rozari ya chuma. Waliompigia simu siku ya kwanza kuulizia mama huyo walikuwa na adabu kama hii ya Nyangate.

Alifungua faili na kusoma tena lile neno la mtoto. Lilikuwa mstari mmoja, kwa mwandiko mzuri wa konstebo wa zamu: *Mtoto Ruth alimwambia daktari kwamba nyanya yake aliroga uji.* Alikuwa ameusoma mara nyingi tangu Jumapili.

"Narudi," alimwambia Ian.

Wodi ya watoto ilikuwa na harufu ya dawa na maziwa ya moto. Roselyne aliketi kando ya kitanda, amepakata sweta ya shule ya Ruth. Mtoto alikuwa amelala, mdomo wazi. Muuguzi wa zamu, Kwamboka, aliinua macho kutoka mezani kwake, akamwona Orpah, akayarudisha kwenye kazi.

Waliongea Kikisii, kwa sauti za chini.

"Mama Ruth, nirudishe Ijumaa. Polepole."

"Nimeshawaeleza mara tatu."

"Mara hii ni yangu."

Roselyne alikunja mkono wa ile sweta, akaukunjua. "Nilipika wali saa kumi jioni, kabla jua halijazama. Sabato hatuwashi moto. Unajua mwenyewe."

"Ukauweka wapi?"

"Kwenye hotipoti."

"Ile yenye kifuniko kilichopasuka?"

"Kilipasuka Krismasi. Nafunika na jani la mgomba, nafunga blanketi juu yake. Ukitoka kanisani adhuhuri unaukuta una joto la mkono. Tumekula hivyo kila Sabato tangu Krismasi, na hakuna aliyewahi kuumwa hata tumbo."

"Magokoro alikula huo wali?"

Waliposema magokoro, yaani nyanya, wote wawili waliangalia kitanda kwanza.

"Yeye hali wali. Anasema ni chakula cha wageni. Na yeye ni Mkatoliki, Jumamosi kwake ni siku kama siku zote. Aliamka Sabato asubuhi akawasha moto jikoni kwake, akapika uji. Watoto wakachomoka kwenda kunywa. Niliwaita, wakajifanya hawasikii."

"Wangapi walikunywa?"

"Wote wawili. Na yeye."

"Wewe na Gibson?"

"Hatukugusa."

"Lakini mlitapika."

Roselyne alikunja tena mkono wa sweta. Orpah aliandika jambo hilo kwenye mstari wake peke yake.

"Basi ulijuaje ni uji, mama Ruth?"

"Sikujua mimi. Ruth alisema. Jumapili, Ishmael ndiyo kwanza amefunikwa shuka kitanda kile pale. Daktari alikuja akamuuliza Ruth, naye akajibu. Nilisikia kwa masikio yangu. Akasema, magokoro alikoroga."

Kalamu ya Orpah ilisimama.

Ndilo lile neno lililomshtua maabara. Kwa Kiswahili ni kazi ya mwiko na sufuria. Lakini katika Kikisii neno koroga halina mwiko. Maana yake ni kuroga, na mtu anayefanya hivyo ni omorogi, na omorogi akishatajwa mlimani hahitaji kutajwa mara ya pili.

"Daktari gani?" aliuliza, akijitahidi sauti isibadilike.

"Yule mrefu wa hapa wodini. Mtu wa Pwani."

"Anajua Kikisii?"

"Huyo? Hata salamu hajui. Akisema bwakire unadhani anauliza njia."

"Kwa hiyo alimuuliza Ruth kwa Kiswahili."

"Kwa Kiswahili, ndiyo. Ruth anakijua, wanafundishwa shuleni."

"Alimuuliza nini hasa? Niambie maneno yake, vile vile, kwa Kiswahili chake."

Roselyne alifumba macho. Alikuwa ameishia darasa la nne, na maneno yalimtoka moja moja, kama mtu anayetoa miiba mguuni. "Alisema... 'Mtoto mzuri... nani alikoroga uji?'"

Akafumbua macho. Midomo yake ilirudia lile neno bila sauti. Kisha akaangalia kando, dirishani, ambako mawingu yalikuwa yameshafunika vilima.

Wiki nyingine yoyote Roselyne angelisikia neno la jikoni. Lakini Jumapili ile masikio yake yalikuwa yamejaa Ishmael. Alikuwa amelibeba neno hilo hadi nyumbani kwa Kikisii, na konstebo akalirudisha kwa Kiswahili kama alivyolipokea, *aliroga*. Orpah alifunua faili. Chini ya mstari ule wa mwandiko mzuri, mahali pa ofisa mkaguzi, kulikuwa na saini yake mwenyewe. Yeye aliyezaliwa ndani ya lugha hizi mbili alikuwa amelipitisha.

Alimwendea Kwamboka mezani. "Ruth akiamka, muulize kwa Kikisii swali moja tu. Mwiko ulikuwa mkononi mwa nani, na alikuwa akifanya nini nao. Usitaje uji. Usitaje magokoro. Na usitumie lile neno."

"Neno lipi, Inspekta?"

"Hata mimi silisemi hapa. Mwiko tu. Kisha unipigie."

Aliporudi maabara, pampu ilikuwa imetulia kwenye mlio mmoja na skrini ilionyesha taa ya kijani. Ngurumo ya kwanza ilipita mbali, upande wa Nyamira.

"Tunaanza na sifuri," Ian alisema. "Sikiliza ninachotafuta, ili usishtuke bure. Daktari aliponieleza ini la mtoto, nilikisia sumu moja. Kama imo, itakuja kama mapacha. Wa kwanza kwenye elfu moja mia moja sabini na tano, wa pili kwenye elfu moja mia moja tisini na moja. Ni sumu moja hiyo hiyo. Mmoja ameshikana na sodiamu, mwenzake na potasiamu."

"Ukimwona mmoja?"

"Sisemi kitu. Mmoja anaweza kuwa mgeni wa njiani. Wakija wawili, na kati yao pana kumi na sita kamili, hapo ndipo ninakaa sawa kwenye kiti."

Kwenye skrini ndogo ya pembeni, kiduara cha kwanza kilionekana kimejaa fuwele kama umande ulioganda kwenye majani ya chai alfajiri. Kiduara kikaanza kumetameta. Leza ilikuwa ikipiga, mapigo mengi kwa sekunde, na hakukuwa na sauti yoyote. Mistari ikasimama upande wa kushoto wa skrini, mifupi, imesongamana.

"Hiyo ni asidi yetu wenyewe. Mbele ni tupu. Vizuri. Namba moja, uji."

Orpah alishika ukingo wa meza. Kiduara kilimetameta. Mistari ile ile ya kushoto, na mbele, kwenye elfu moja mia moja, nyasi fupi za kelele tu.

"Piga tena."

"Nimepiga mara mia tatu."

"Sehemu nyingine ya tone."

Ian hakubisha. Alisogeza shabaha, akapiga tena, akasogeza tena. "Hakuna kitu, madam. Uji ni uji."

"Namba mbili. Ule unga."

Unga wa mkebe ndio ulioletwa kituoni na vijana wanne, wameushika kwa kijiti kirefu ili usiwaguse. Mstari mmoja ulisimama mapema sana, mrefu, karibu na mwanzo. Ian aliusogelea, akaguna, kisha akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Mia moja sitini na tatu. Nikotini. Bibi yako ananusa tumbaku."

"Mkatoliki wa miaka sabini na nne, ameificha chini ya kitanda."

"Asionwe na padri."

Orpah naye alicheka, kidogo, kisha ngurumo ikapasuka juu ya mji. Taa zilipepesa. Wote wawili waliangalia dari.

"Namba tatu," alisema. "Haraka."

"Hii haina haraka. Ukiharakisha leza unaunguza sampuli." Lakini vidole vyake vilienda upesi.

Kiduara cha tatu kilimetameta. Sekunde mbili, tatu. Kisha mstari ukaota katikati ya skrini, ukapanda kama mnazi katikati ya shamba la chai. Kando yake, kulia kidogo, ukaota wa pili, mfupi kuliko mwenzake.

Ian alisoma namba. Akazisoma tena kwa kidole. Kisha akakaa sawa kwenye kiti.

"Ni nini?" Orpah aliuliza.

"Sereulaidi. Inatengenezwa na bakteria. Huyu hukaa kwenye mchele kama mbegu kavu, na kupika hakumuui. Wali ukishapoa, ukakaa na joto la mkono usiku kucha, anaamka, anazaliana, anaiachia sumu hii ndani. Na ikishatoka imetoka. Hata uuchemshe wali mpaka uungue, sumu iko pale pale. Watu wengi wanatapika tu, basi. Lakini mtoto mdogo akila nyingi, inaweza kumvunja ini."

Joto la mkono. Kifuniko kilichopasuka Krismasi, jani la mgomba, blanketi. Mtu ambaye hali wali kwa sababu ni chakula cha wageni. Orpah aliyaandika yote, kila kimoja kwenye mstari wake.

"Basi tumemaliza," alisema.

"Hatujamaliza."

"Ian, kuna mtu atachomwa moto kesho."

"Najua. Ndiyo maana nasema hatujamaliza." Alimgeukia, uso wake umepauka. "Uliichukua hotipoti lini?"

"Jumatatu."

"Wali umekaa kwenye kona kuanzia Jumamosi mchana mpaka Jumatatu. Mtu atasimama mahakamani akuulize, sumu hii ilikuwamo walipokula, au imeota Jumapili, mtoto tayari yuko mochari? Utamjibu nini?"

Orpah aliangalia kichupa cha mwisho. "Namba nne," alisema mwishowe.

"Namba nne. Yale matapishi Kwamboka aliyagandisha Jumamosi yenyewe. Mapacha wakiwa mle, walipitia tumboni mwa Ruth kabla mtu yeyote hajatamka neno uchawi. Hapo hakuna wa kubisha."

Alisogeza shabaha kwenye kiduara cha nne. Fuwele zilijaa skrini, nyeupe, tayari. Akaweka kidole kwenye kitufe.

Mwanga wa radi na giza vilikuja pamoja. Skrini ilizimika. Betri ya akiba ikalia mara tatu, ikaibeba mashine kwa muda wa kuvuta pumzi tano, ikakata. Na ule mlio wa mbu, uliokuwa ukisikika tangu mchana, ukaanza kushuka, ukashuka, mpaka ukawa kama mtu anayeguna usingizini. Kisha kimya. Mvua ya mawe ilianza kupiga mabati.

Ian aliwasha tochi ya simu yake, akaimulika mashine.

Umeme ulirudi saa kumi na moja na robo. Ian alibonyeza hiki na kile, akasoma kipimo cha hewa, akatikisa kichwa.

"Hewa imeingia bombani. Nikipiga sasa, zitagongana nayo njiani. Nyepesi na nzito zitafika zimechanganyikana, nami nitakuwa mpiga ramli kama wale wengine."

"Mpaka lini?"

"Nikiacha pampu ivute mpaka asubuhi, saa kumi na mbili u nusu napiga. Saa moja na nusu una karatasi mkononi. Sahani haina neno, fuwele zikishakauka zinangoja."

Saa moja na nusu hadi saa tatu. Orpah alipima kwa kichwa njia ya kutoka maabara hadi kituoni, na kutoka kituoni hadi kortini. Ilitosha, kama mvua haitarudi.

Simu ililia. Alikuwa Kwamboka.

"Ameamka. Nimemuuliza kama ulivyosema. Hana nguvu ya kuongea, Inspekta. Amesema tu magokoro, halafu akainua mkono." Muuguzi alishusha sauti. "Anauzungusha. Mpaka sasa anauzungusha, hivi, pole pole, kama mtu aliyesimama mbele ya sufuria. Nami ndiyo nimeelewa lile neno ulilokataa kulisema."

"Andika. Andika saa na dakika. Weka sahihi."

Hakuwa ameishusha simu ilipolia tena. Mara hii ni mkuu wa kituo, Omosa, na nyuma yake palikuwa na sauti za watu, nyingi, zikiimba wimbo wa kanisani bila furaha.

"Madam Orpah, Nyangate yuko langoni na watu kama arobaini. Hawajarusha jiwe. Wanauliza tu kama maabara imesema kitu. Niwaambie nini?"

Neno lilikuwa tayari ulimini mwake. Ni wali. Silabi tatu tu, na bibi kizee angelala usingizi. Kisha akaliona neno hilo likitoka nje ya lango, likipanda barabara ya Nyacheki, likipita kutoka mdomo hadi mdomo. Wali wa nani? Nani alipika? Nani alifunga? Majani ya migomba hayakuandikwa jina la mtu. Yangebebwa kwenda ukuta mwingine, hatua hamsini, katika boma lile lile.

"Waambie maabara haijasema," alisema.

"Watakaa."

"Wakae. Mama asitoke, hata kwa dhamana. Na chakula chake kipikwe na askari."

Alipokata simu aliona kivuli mlangoni. Roselyne alikuwa amesimama pale, amelowa kuanzia kichwani, sweta ya Ruth ikiwa kifuani mwake. Hakubisha hodi. Alikuwa akiangalia meza ya ukutani, ambako hotipoti yake ilikaa ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani, pamoja na jani la mgomba lililokauka na kujikunja.

"Ruth anazungusha mkono," alisema kwa Kikisii.

"Najua."

"Nimewaambia watu nini, Inspekta?"

Orpah alimsogezea kiti.

"Kama si uji," Roselyne alisema, na macho yake hayakutoka kwenye ile hotipoti, "ni nini?"

"Kesho, mama Ruth. Saa moja na nusu."

Mwanamke yule aliitikia kwa kichwa, mara moja, taratibu. Alielewa haraka kuliko Orpah alivyotaka. "Nyangate amepiga simu," alisema. "Anasema nirudi nyumbani leo, nisimwache Gibson peke yake." Akaikumbatia sweta. "Nilale wapi?"

"Wodini. Kwenye kiti, karibu na Ruth. Usimwambie mtu neno, hata Gibson. Simu uizime, umpe Kwamboka akuwekee."

Roselyne aliondoka, viatu vyake vikiacha alama za maji sakafuni.

Ian hakuelewa walichosema, wala hakuuliza. Aliwasha pampu, akafunika meza kwa kitambaa, akaandika kwenye kipande cha karatasi, *Usiguse, sahani imo*, akakibandika mlangoni mwa mashine. Mlio mwembamba ulianza kupanda upya.

Orpah aliketi kuandika ripoti. Aliandika *Roselyne alipika wali*, akaisoma, akaikata kwa mstari mzito mpaka jina likawa halisomeki. Akaandika *Familia ilipika wali*, akaikata pia. Mara ya tatu aliandika *Wali ulipikwa Ijumaa saa kumi jioni*, kitenzi ambacho hakikumtaja mtu, akakiacha. Chini yake akaorodhesha: sifuri, hakuna. Moja, hakuna. Mbili, tumbaku. Tatu, ndiyo.

Akaandika nne, akaweka nukta mbili, na mbele yake hakuandika kitu.